Mgeni Aliyepewa Jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Nilimpa. Mwaka wa nne huu analima:
asubuhi goti la kushoto, adhuhuri bega,
usiku anapalilia taya.

Alikuja mdogo kuliko punje ya ufuta,
mwezi wa Septemba, msitu wa Varėna,
nilipopiga magoti kuchuma uyoga
chini ya misonobari iliyonuka mvua.
Kupe. Sikumwona. Niliona duara
jekundu, pana kama kisosi,
likikua pajani siku baada ya siku
kama mtu apimaye shamba kabla ya kulinunua.

Nilimeza vidonge siku ishirini na nane.
Daktari Jurgita akafunua karatasi, akatabasamu:
"Damu imetakata, Živilė. Umepona."
Nikamshukuru. Nikateremka ngazi
nimeshika ukuta.

Tangu hapo naishi kwa hesabu.
Kuosha nywele: senti tatu za nguvu.
Basi la kwenda sokoni: saba.
Kucheka na jirani mlangoni: mbili,
ila hizo hurudisha faida, si haba.
Nikikopa Jumamosi,
Jumatatu mdai yuko kitandani
ameamka kabla yangu.

Na maneno, je?
Jana nilisimama jikoni
nikamwambia Vaidotas, niletee ile,
ile ya, yenye matundu, ya kumwagia maji ya viazi.
Alisubiri. Ni mtu wa kusubiri, fundi saa.
Mwisho nikamchorea hewani.
Akaleta chujio, hakusema kitu,
ila nilimwona akigeukia dirisha
akifuta kioo kilichokuwa safi.

Wifi yangu Regina huja na keki ya asali.
"Mbona umenawiri!" husema. "Mashavu hayo!"
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti,
nami ni maiti anayemenya viazi,
anayekata keki, anayesema asante, karibu tena.

Siku ya kwanza ya Novemba tulikwenda makaburini.
Mji mzima ulikuwa huko, kila mtu na mishumaa yake,
kilima kinawaka toka chini hadi juu
na watu wanaongea kwa sauti ya ndani ya nyumba.
Niliketi kwenye benchi la mama
kwa kuwa miguu ilikataa kufika kwa shangazi.
Vaidotas akaenda peke yake.
Nikabaki na jiwe na jina: Bronislava.

Ndipo nikakumbuka vidole vyake.
Miaka kumi na minane alivifunga kitambaa cha sufu.
Alisema vinaungua. Alisema baridi yabisi inahama,
leo hapa, kesho pale, kama mpangaji mkwepa kodi.
Alisahau sukari. Alisahau jina la mbwa.
Mama, ambaye kila Septemba
alitoka msituni na ndoo mbili za uyoga,
nyasi zimemganda kwenye soksi.
Hakuna aliyempima. Nani angempima?
Nami, msichana wa mjini, viatu virefu,
niliyekuja Jumapili moja moja na keki,
nilimwambia: Mama, acha kulalamika.
Mbona umenawiri.

Sikulia. Kulia ni senti tano,
na bado kulikuwa na njia ya kurudi getini.
Niliwasha njiti, ikazimika. Nikawasha nyingine.
Vidole havikutaka kukunjika, nikavikunja.
Nikamwambia neno ambalo mimi mwenyewe
nalingoja tangu zile ngazi:
nakuamini.

Jiwe halikujibu, wala sikutegemea.
Mgeni wangu aliendelea kulima,
na theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka
bila kuamua kama ni theluji au mvua.
Vaidotas akarudi, mikono inanuka nta.
Akauliza kama naweza kutembea.
Nikasema, ngoja kidogo.
Akaketi.