Sahani ya Bluu

Mvua ya Hilo haibishi hodi.
Imejaa kwenye bati la gereji ya matairi
ambamo Kapeka, mikono ikinuka mpira,
amelaza gitaa mapajani kama samaki wa kuparuliwa
na kipande cha chuma kinateleza juu ya nyuzi.

"Makaio, sikiliza. Do. Mi. So.
Hawa watatu ndio wenye nyumba.
Wamekula, wameshiba, mlango wamefunga."
Anazipiga. Sauti imenyooka kama shuka la hospitali.
"Sasa namtia la."

Na kodi
(si ile ya mwisho wa mwezi, ingawa nayo inadaiwa)
inalegeza mabega.

Mvulana ana miaka kumi na mmoja, na daftari.
Anataka kanuni.
Je, la anamsukuma so atoke?
Hapana, so yupo palepale, hatua moja tu kati yao,
wanasuguana viwiko, na utamu uko hapo kwenye kusuguana.
Basi la anakwenda wapi?
"Mwenye safari ni yule wa saba, yule ana mkoba mkononi,
atakuamsha usiku akuulize njia ya kwao.
Huyu haendi. Ameongezwa. Basi."

Anaandika: Ameongezwa. Basi.
Halafu anafuta "basi".

Tangu Februari anakula katika nyumba hii,
sahani ya nne, ya bluu, isiyofanana na zile tatu.
Hakuna aliyesema mpaka lini.
Iwalani amemwachia nusu ya kabati
na hasira zake zote za asubuhi.

Wendell anaingia ameloa, anachukua besi,
na kwa utani tu anashuka, anasimama kwenye la.

Nyuzi za Kapeka hazijasogea.
Noti ni zilezile nne, hakutoka mtu, hakuingia mtu,
lakini nyumba imegeuka, dirisha limehamia magharibi,
kuna majonzi sebuleni
na mwenye nyumba ni la.

Makaio anainua kichwa. "Umebadilisha nini?"
"Mimi? Nimesimama kwako tu."

Daftarini ameyaandika bila nafasi: domisola.

Nje mteja anapiga honi, tairi limekwisha upepo.
Kapeka hainuki. Ametega sikio.
"Re," anasema. "Umesikia? Ile ni re.
Hata yeye anaenea."