Kaya Kumi na Moja

Theluji inapofunga njia ya kwenda Mestia
huwa tumeshahesabiana: kaya kumi na moja,
ng'ombe thelathini na mmoja, mwalimu mmoja,
na Tsiuri, asiyehesabiwa popote,
maana kila vuli hutuaga, anahamia kwa mwanawe Tbilisi,
na theluji ya kwanza humkuta palepale kwenye tanuri,
unga hadi viwikoni.

Minara hii ya mawe tuliachiwa na mababu
waliouana kwa ajili ya fahali.
Siku hizi Jokia hutundika humo vitunguu,
na mjukuu wa adui wa babu yake
ndiye anayemshikia ngazi.

Hatusemi sana.
Mlima ukianza kunguruma huko juu
hata mbwa huketi.

Mwaka ule poromoko lilipoifukia nyumba ya Bekmurza
tulichimba usiku kucha, kwa sepetu, kwa sufuria.
Kwanza tuliisikia redio yake
ikitangaza hali ya hewa ya pwani:
jua, upepo mwanana.
Kisha mzee mwenyewe, akikohoa, akitaka kujua
nani amemkamulia ng'ombe wake.

Shule ina watoto watatu.
Mwalimu Lamara huita majina yote ya daftari la zamani,
na baada ya kila jina hungoja kidogo,
kama mtu aliyebisha hodi,
ndipo aandike: hayupo. Hayupo. Hayupo.

Juzi Gela, wa miaka saba, alichoka kungoja.
Akasimama, akajibu "nipo" kwa niaba ya wote.

Naye mwalimu akaandika hivyo.