Makunyanzi

Miaka ishirini na miwili napiga magari rangi hapa Tabora,
na kazi yangu ilikuwa moja: kufuta makunyanzi.
Bodi ing'ae hadi mwenye gari achane nywele mlangoni.
Rangi ikijikunja, tuliita aibu,
tukaikwangua kabla tajiri hajapita.

Sasa Mama Milembe ameleta Pijo ya marehemu,
imevutwa na trekta kutoka Sikonge,
dashibodi imebabuka kama gome la mninga.
Kwenye kona moja tu, nyuma ya kisahani cha majivu,
imebaki rangi ya zamani, upana wa kibiriti:
nyeusi, imekunjamana,
vijistari vinakimbizana bila kugongana.
"Nataka yote iwe hivi," akasema.
Nikacheka. Hakucheka.

Nilianza na chumvi. Nikainyunyiza kwenye rangi mbichi,
nikapata ukurutu.
Nikajaribu pumba za mahindi;
Sizya, kijana wangu, akauliza kama tunapaka au tunalisha kuku.
Mara ya tatu nikamwaga rangi nzito, tabaka juu ya tabaka,
ikateremka hadi kwenye shimo la redio
kama uji unaomtoka mtoto aliyeshiba.
Ya nne ilikuwa nzuri, nadhani,
ila upepo wa Agosti ulibeba vumbi lote la Isevya
likahamia humo bila kulipa kodi.

Siku ya tano sikufanya kitu.
Nilikaa jikoni namtazama mke wangu akipooza maziwa.
Juu pakaganda ngozi, chini bado maji,
na ile ngozi, ilipokosa pa kushika,
ikajivuta, ikajikunja.
Nikainuka na sufuria mkononi.
"Unakwenda wapi na maziwa yangu?"

Kumbe ndiyo siri yenyewe: haraka ya juu, uvivu wa chini.
Uso ukauke kabla moyo haujaamua.
Rangi nene, mafuta ya kitani yazidi kidogo,
halafu joto la ghafla. Nikaazima tanuri la Nasibu,
mikate ya alfajiri ilipokwisha kutoka,
dashibodi ikaingia, imelala kwenye trei.
Nikachungulia tunduni.
Dakika ya saba, kimya.
Dakika ya tisa ikaanza kusinyaa,
pembeni kwanza, kisha katikati,
kama mtu anayekumbuka jambo.

Mama Milembe alikuja Ijumaa. Hakutazama.
Alikaa kiti cha abiria, akafumba macho,
akapitisha vidole kutoka kwenye saa iliyokufa kuelekea mlangoni.
Vikasimama mahali pamoja, mbele ya magoti yake.
"Hapa palikuwa laini.
Nilikuwa najishikiza hapa, akikimbiza gari makorongo ya Ipole.
Miaka kumi na tisa."

Nikatoa msasa, namba mia nane, nikaulowesha.
Akausukuma mkono wangu.
"Acha. Nitapalainisha mwenyewe.
Wewe tengeneza injini."