Jina la Mlangoni

Opolot alishapanda ngazi, brashi imelowa buluu,
akaniuliza bila kugeuka: "Niandike nini?"
Nikatazama Wanale, kana kwamba mlima ungenijibia.
Maporomoko yalikuwa membamba asubuhi ile,
uzi mweupe unaoshona jabali kwa jabali.
"Ngoja kwanza," nikasema.
Akangoja. Rangi ikamdondokea kidole cha mguu.

Miaka kumi na mmoja nilihesabu misumari ya watu
katika duka la vifaa, hapa hapa Mbale,
kilo kwa kilo, risiti kwa risiti,
na kila aliyeingia, macho yangu yalimwanzia chini.
Sura nilizisahau. Visigino sikuvisahau:
huyu hukanyagia nje, yule huburuta wa kushoto,
mwalimu Wamimbi na soli iliyoachama kama kambare.
Usiku, umeme ukikatika, nilishona kwa mshumaa.
Kandambili za jirani, mkoba wa shule wa Khainza,
viatu vya kipaimara vya mtoto wa dada,
kwa ahsante, kwa chane ya matoke,
kwa harufu ya ngozi na nta vidoleni
ambayo sikuiosha kabla ya kulala.

Mama alipoambiwa hakugomba. Afadhali angegomba.
Aliendelea kumenya, akasema:
"Mshahara ni mdogo, lakini una tarehe."
Nilitembea na maneno hayo wiki tatu
kama kokoto ndani ya kiatu.

Hofu yangu haikuwa simba. Ilikuwa karani.
Ilivaa miwani, ikakaa ukingoni mwa kitanda, ikapiga hesabu:
kodi ya miezi mitatu, leseni ya manispaa,
gundi imepanda, ngozi kutoka Soroti inachelewa,
na jozi ya mtumba Jumamosi ni elfu tano tu.
Ubaya ni kwamba hesabu zake zilikuwa sahihi.
Nilizikagua mara mbili. Mimi ni keshia.

Watu husema piga moyo konde.
Wangu niliupiga nyundo, ile ndogo yenye kichwa kipana,
polepole, juu ya kalibu, kama upigavyo ngozi kaidi,
usiku baada ya usiku, mpaka ukakubali umbo.
Haukuacha kuogopa.
Ulilainika tu.

Kisha siku moja, bila ngoma wala ndoto,
nikampimia bosi misumari ya mwisho,
kilo saba na robo, nikamkabidhi na funguo.
Akauliza nani ameniudhi.
"Hakuna," nikasema, na ilikuwa kweli,
na ukweli ule ulinitetemesha magoti hadi nyumbani.

Sasa ngazi, na buluu, na swali.
Nilikuwa na majina mazuri daftarini:
Hatua Njema. Soli Imara. Mbale Kimataifa.
Majina ya kujifichia,
ili duka likifa
wasijue maiti ni ya nani.
"Andika Nandudu." Sauti ilitoka nyembamba.
"Nandudu tu?"
"Nandudu. Anatengeneza viatu."
Akaandika. D ya pili ikachuruzika kidogo. Tukaiacha.

Mchana ukapita. Nilifagia mara nne.
Saa kumi na moja mvua ikashuka mlimani, ikavuka barabara,
na muuguzi mmoja akaingia, kujikinga tu,
akavua kiatu amwage maji.
Kisigino kilining'inia kwa uzi mmoja.
Hakuniomba. Nilinyoosha mkono mwenyewe,
na kwa nusu saa sikumbuki karani wala tarehe,
nakumbuka sindano ikiingia na kutoka.

"Kiasi gani?" akauliza.
Miaka kumi na mmoja nilitaja bei za watu bila kumeza mate.
Nikameza mate.
"Elfu nne."
Akalipa, akaondoka, akikanyaga kwa uhakika kwenye madimbwi.

Noti ilikuwa imelowa.
Niliivika kalibu, kama ngozi,
nikakaa nikiitazama ikikauka.