Swali la Tatu, Alama Ishirini

Zeid amesafiri. Hajulikani yu hai au amekufa.
Eleza hukumu ya mkewe, kwa hoja na ikhtilafu.

Feni ya darasa ilikuwa imekufa tangu Jumatatu.
Jasho likanidondoka juu ya neno ikhtilafu,
likalipanua.
Nikaandika. Mkono ulikuwa unaijua njia.
Nikaandika kauli kongwe ya Imamu Shafii: miaka minne,
kisha eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi.
Nikaandika kauli yake mpya: asubiri
mpaka yakini.
Yakini nikaipigia mstari mara mbili
kama mtu anayekaza kamba ya mzigo.

Zeid huyu namjua tangu mwaka wa kwanza.
Ndiye aliyemuuzia Amru ngamia mgonjwa,
ndiye aliyetaliki kwa hasira, akarejea, akataliki tena,
ndiye aliyekufa mwaka wa pili akaacha mke, mabinti wawili na mama,
tukamgawa mafungu ishirini na manne,
likabaki moja, tukamtafutia ami wa kulichukua.

Usiku mmoja nilimsomea mama kwa sauti
naye akimenya viazi vya kesho.
Akaniuliza bila kuinua macho:
"Huyo Zeid wenu, aliwahi kununua unga?"

Baba aliondoka na begi la kijani kwenda Maskati.
Alipiga simu mara nne.
Ya nne ilikatika kwenye neno "halafu".

Kuze nzima ikamwita mama Mke wa Maskati.
Shangazi Mwanasiti hulitaja jina hilo kwa sauti ya msibani.
Nami nilipokutana na neno muallaka, katika Suratu Nisaa,
aliyetundikwa, si mke si mjane,
niliona kamba ya uani kwetu
na nguo moja isiyokauka, isiyoanuliwa.

Basi nikaandaa madai.
Fasikhi kwa kukosa nafaka: hoja saba, mashahidi wawili,
mwandiko wangu bora.
Nikangoja atoe salamu ya magharibi,
nikamwekea karatasi juu ya msala.

Akaisoma yote. Polepole, kidole chini ya kila mstari.
Akasema, "Hapa pana kosa la tahajia."
Kisha akafungua sanduku,
akatoa doti ya kanga ambayo haijakatwa,
na chini yake karatasi yenye muhuri wa kadhi.
Nikaitazama tarehe. Nilikuwa darasa la tano.

"Nalikwenda mwenyewe," akasema.
"Mara tisa naliambiwa nirudi kesho. Ya kumi akanisikiza."

Na eda? Ulikaa eda lini?
(Ulimi wangu ulikuwa bado chumba cha mtihani.)

"Ile miezi mitatu niliyokutuma wewe na beseni la viazi.
Nalisema naumwa na mgongo."

Nakumbuka. Beseni la samawati, bakuli la ukwaju,
sarafu ndani ya soksi.
Nakumbuka nilivyokasirika,
nikidhani mgongo wa mama ni uvivu.

Mbona hukuwaambia watu?

Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile.
"Mwanamke aliyeachika, mwanangu, huposwa kila Ijumaa.
Mke wa mtu huachwa auze viazi vyake."

Kanga ikarudi juu. Kifuniko kikashuka.

Wiki ya tatu Mwalimu Shee akaturudishia mitihani.
Kumi na nane. Pembeni, kwa kalamu nyekundu:
Vizuri. Lakini hukutoa mfano.

Nilimwonyesha mama. Alifuta mkono kwenye leso, akaishika kwa ncha.
"Na mbili zimekwenda wapi?"

Nikavuta kigoda,
nikachukua kisu cha pili.