Kuku Aliye Hai Hana Kibali

Nilimwita Mheshimiwa kwa ajili ya mwendo wake:
kifua mbele, shingo nyuma, jicho moja kwa wananchi.
Mtetea mweupe, nilimnunua mnadani Kibaigwa
kwa bei ya wali maharage,
miguu imefungwa ukambaa
pamoja na wenzake saba waliokuwa njiani kwenda kwenye mafuta.

Kila Ijumaa, saa mbili usiku, Makole,
kwenye baa ya mama Chilewa, nyuma ya gereji,
nasimama kati ya jiko na meza ya kwanza.
Sufuria tupu. Igongeni, isikieni: ngo, ngo.
Namimina kopo moja la mchele. Nafunika.
Napuliza, na upepo wa Dodoma unanisaidia kupuliza,
vumbi lake likitua kwenye pilipili
na kwenye meno ya wanaocheka.
Nafunua.
Mheshimiwa kasimama ndani ya sufuria,
anajikung'uta, anakagua sahani za watu.

Hapo ndipo huwa siangalii.
Nusu kuku, ndimu, kachumbari,
paja lililokuwa likielekea mdomoni
limeganda hewani kama mkono wa mtu anayeomba hoja.
Wanapiga meza. Mlevi anauliza kilo shilingi ngapi.

Usiku ule, mtoto wa meza ya dirishani
(Nyemo, nilisikia mamake akimwita)
alisukuma sahani yake hadi ukingoni, akaniambia:
"Na huyu wangu mfufue."

Mafuta tu ndiyo yaliyojibu, jikoni, tsss.
Nina vitambaa vinane kwenye mkono wa kushoto,
nina sarafu nyuma ya sikio la kila mtu,
sina cha kulitoa paja kwenye ndimu.
Nikamwambia, "Huyo amelala."
Akanitazama kama mwenye duka anayerudishiwa noti bandia.

Jumatatu akaja bwana afya, Chidawali,
kalamu ya buluu sikioni.
"Unyoya mmoja kwenye kachumbari, fundi,
ni watu kumi wodini."
Akahesabu hatua kutoka jikoni: kumi na mbili, langoni.
Hapo. Meza yako, maji yako, sabuni yako.
Ukimshika ndege, unanawa. Halafu unanawa tena.

Nikamuuliza, wala si kwa ubishi:
na wale walioko kwenye friji?
"Wale wamekaguliwa. Wana muhuri."

Basi nikaielewa sheria:
aliyekufa ana kibali, aliye hai hana.
Ningecheka, ila nilijua ana haki.
Nimewahi kuona unyoya ukitua kwenye supu ya mtu
nikapiga makofi, watu wakatazama kwingine,
na yule mtu akanywa.

Sasa nafanyia langoni, kando ya pipa lenye koki.
Wengine wanageuza viti, wengine hawageuzi.
Kwa mbali sufuria inaonekana sufuria tu.
Lakini Mheshimiwa hasikii tena mafuta,
na nadhani amenenepa.

Jana, nikirudi Nkuhungu, baiskeli ikigombana na upepo,
sanduku likaanza kutetea.
Nikasimama chini ya taa ya barabarani,
nikapitisha mkono chini ya kitako cha pili,
kile ambacho watazamaji hawakijui,
nikagusa yai.

La moto bado. Lina doa la damu, dogo,
kama nukta ya karani.
Kila mfuko wa siri wa koti hili nimeushona mwenyewe,
kila mlango wa sanduku hili nimeuranda kwa mkono wangu,
na hili sikuliweka mimi.

Nilikuwa na maji ya chupa. Nikanawa.
Sijui kwa nini, hapakuwa na mtu wala chakula,
nikanawa tena,
ndipo nikalitoa.

Kesho kutwa wenye harusi Ipagala wanataka njiwa wawili.
Sina njiwa. Nimewaambia nitafikiri.