Kichupa cha Mate

Nesi Tumsifu kanipa kichupa, Muhimbili, saa mbili asubuhi.
"Tema mpaka mstari huu."
Kinywa kikakauka kama cha shahidi mbele ya kadhi.

Fomu inauliza kabila la bibi mzaa baba.
Naandika Mzigua. Baba mdogo angebisha:
Mdoe, tena mwenye Umanyema.
Nani kwenu aliugua akili?
Kwetu hatusemi hivyo. Tunasema
shangazi Mwanaidi alikuwa na mambo yake:
shuka moja akiifua usiku kucha, Mtoni Kijichi,
kwa kuwa redio ya jirani ilimtaja kwa jina.

"Vitabu vimejaa damu za Wazungu," anasema nesi,
"zetu bado hazijasomwa."
Namwuliza majibu yatatoka lini.
"Hayatakuja kwako."

Shangazi aliniachia cherehani, doti tatu za kanga,
na baka hili shavuni.
Kingine, kama kipo, hakikuandikwa kwenye wosia.

Nikatema.

Mchana nikammenyea Hamduni chungwa, wodini.
"Umewapa nini?"
"Mate tu, kaka."
Akalamba vidole, kimoja kimoja, akaniinamia sikioni:
"Na ile redio, hawajaiulizia?"